Kijiti Hakijui Unyayo

Kijijini kwetu kiatu hununuliwa kwa kijiti. Anayeshuka Same siku ya gulio hupita nyumba kwa nyumba jioni ya kuamkia safari. Wewe unakanyaga chini, yeye anapima kijiti toka kisiginoni hadi ncha ya kidole kikubwa, anakikata, anakifunga uzi na kukitia alama: hiki cha Mama Clemence, hiki cha mchungaji, hiki cha mjukuu wa Ernesta. Kesho yake anateremka na fungu la vijiti kwapani, utadhani anakwenda kuwashia watu moto. Sokoni anaingiza kijiti ndani ya kiatu. Kikienea, kiatu ni chako. Umekipenda, hukukipenda, ni chako.

Kwetu kazi hiyo ni ya Loth, kaka wa mume wangu, na anaifanya kwa moyo mweupe. Kushuka na kupanda mlima huu ni siku nzima, na wanawake wana maharage ya kupalilia, wana ng'ombe wa kukatia majani, wana watoto. Nani ana siku ya kwenda kuvaa na kuvua viatu vya watu? Kwa hiyo tangu niolewe, miaka mitatu sasa, sijawahi kuchagua kiatu cha mguu wangu mwenyewe.

Na raba zilizoninyima kazi mwaka jana zililetwa na kijiti.

Kazi yenyewe ni ya ulinzi wa msitu. Kamati ya msitu ya vijiji vyetu huandika walinzi wachache kila mwaka, na usaili wao hauna maneno mengi: kilomita nane, kutoka ghala la tangawizi hadi geti la msitu, na nusu ya njia ni mlima. Ukifika ndani ya dakika hamsini unaandikwa. Ukichelewa unapewa maji ya kunywa na pole. Kukimbia peku hawaruhusu, maana ndani ya msitu kuna visiki na miiba, na mlinzi asiye na viatu ni mgonjwa wa kesho.

Mwaka jana nilipewa maji na pole. Nilianza vizuri, lakini kwenye kilomita ya tano, pale kona ya kanisa, mifupa ya miundi ikawaka moto upande wa ndani, magoti nayo yakafuata. Nikatembea. Nikafika dakika tano baada ya saa kufungwa. Watu wakasema ni uzazi, kwa kuwa mwanangu Agape alikuwa na miezi minne tu. Wengine wakasema ni miguu yangu, miguu ya bata, tangu lini bata akakimbia? Mimi mwenyewe niliamini hivyo karibu mwaka mzima.

Kilichonizindua ni masomo ya jioni. Nilikuwa narudia kidato cha nne, na Mwalimu Fadhila wa baiolojia akatuchorea mguu ubaoni: mifupa ishirini na sita, na chini yake upinde kama daraja. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, na kama daraja halipo?" Akanifuata hadi kwenye dawati, akaniambia nivue kandambili. Akatazama, akasema, "Daraja lako limelala, Devotha. Wako wengi wa namna hii na wanakimbia. Ila ukikanyaga, mguu wako unaangukia ndani. Kiatu laini kitauacha uanguke zaidi. Tafuta kigumu kidogo upande wa ndani, kikushikilie."

Nilirudi nyumbani nikazitoa zile raba za mwaka jana uvunguni, nikazigeuza. Soli zilikuwa zimeliwa upande wa ndani tu, nje bado zina meno. Nikazisimamisha mezani, zikaegemeana kama walevi wawili wanaosindikizana. Nikacheka, halafu nikakasirika. Mwaka mzima nimebeba aibu ya kiatu.

Basi mwaka huu, wiki mbili kabla ya usaili, Loth alipofika na kisu chake cha kukatia vijiti, nilikuwa nimeshajiandaa. Mama mkwe alikuwa jikoni anachambua mahindi ya makande, mlango wazi, anasikia yote.

"Shemeji, leta mguu," Loth akasema, ameshachuchumaa.

"Leo sitoi mguu."

"Una kidonda?"

"Sina. Kesho nashuka Same mwenyewe."

Akainua uso taratibu. "Unashuka kufanya nini?"

"Kununua raba za kukimbilia."

"Mama!" akaita jikoni. "Njoo usikie. Mkweo anafungua duka."

Mama mkwe akajibu bila kutoka. "Mwache. Joto la Same litamrudisha kabla ya saa nne."

"Na mtoto?" Loth akauliza.

"Mgongoni."

"Shemeji, sikiliza." Akaanza kubembeleza, na hapo ndipo Loth anapokuwa hatari, kwa sababu ni mtu mwema. "Nimeshampigia Abdulmalik simu. Amekuwekea pea moja nyeupe, haijachafuka popote. Chini ina hewa. Ukikanyaga inapumua, fu, fu, fu! Za watu wa mbio kabisa. Nipe kijiti tu nihakikishe urefu."

"Hata za mwaka jana urefu ulienea, shemeji."

"Sasa?"

"Kilichobaki chote hakikuenea."

Akasimama, akafunga kisu. Hakuaga. Kwa Loth kutoaga ni tusi kubwa kuliko matusi.

Jioni ile mume wangu Aminieli akapiga simu kutoka Makanya, anakofanya kazi kwenye machimbo ya jasi. Habari zilikuwa zimemfikia kabla yangu.

"Devo, usigombane na kaka."

"Sigombani. Nanunua viatu."

"Lakini kaka ndiye hununua viatu."

"Na kaka ndiye atakayekimbia?"

Nikasikia anacheka pembeni ya simu, kicheko cha mtu asiyetaka kusikika na ndugu zake. "Haya, mama Agape. Nenda. Usije ukaniambia umerudi na kandambili."

Nilishuka. Sikwenda asubuhi, nilipanga kufika mchana, maana miguu huvimba kadiri siku inavyokwenda na kiatu kilichokutosha asubuhi baridi kitakubana baadaye mwili ukipata moto. Nilivaa sketi ya kitenge, nikaweka soksi nene mfukoni, zile zile nitakazokimbilia. Agape alilala mgongoni njia nzima. Joto la Same lilinipokea kweli, mama mkwe hakudanganya kuhusu hilo.

Abdulmalik anauza mitumba chini ya turubai la bluu. Viatu vingine vimening'inia, vingine vimepangwa kwenye meza, na lundo kubwa liko chini juu ya kiroba. Pembeni ana beseni la maji ya kuoshea soli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mimi ni shemeji yake Loth, wa mlimani."

Uso ukamfunguka. "Ahaa! Zako zipo." Akavuta boksi chini ya meza, akatoa pea nyeupe, akaipuliza kana kwamba ina vumbi. Zilikuwa nzuri, sitasema uongo. Nyeupe kama maziwa, na pembeni ya soli kuna kidirisha cha plastiki unaona hewa. Kama ningeolewa mwaka huu ningezivaa kanisani.

Nikaiminya moja nyuma, pale panaposhika kisigino. Ikabonyea kama mkate. Nikaishika mbele na nyuma nikaikamua, kama ninavyokamua nepi ya Agape. Ikajisokota yote bila ubishi.

"Binti, hiyo ni raba, si nguo," Abdulmalik akasema.

"Ndiyo maana naikamua, mzee. Ikinisikiliza mimi, itausikiliza mguu wangu uanguke. Naomba maji yako kidogo."

"Unataka kunawa?"

"Naomba na lile boksi tupu."

Hakuelewa, lakini mfanyabiashara hanyimi boksi. Nililipasua, nikalilaza chini. Nikavua kandambili, nikatia mguu kwenye beseni, nikakanyaga lile boksi, nikatoa mguu. Alama ikabaki nyeusi juu ya kahawia: mguu mzima, toka kisigino hadi vidole, hakuna pengo popote.

Kijana aliyekuwa anajaribu mkanda kwenye meza ya jirani akapasua kicheko. "Huo si unyayo, dada, hiyo ni chapati!"

Watu wakageuka. Soko likipata cha kucheka halikiachi.

"Chapati ya maji!" mwingine akaongeza.

"Ni chapati," nikasema kwa sauti, "na wiki mbili zijazo itapanda mlima ambao wewe huwezi kuupanda hata na pikipiki."

"Oyaa, kapata!" wakamzomea yule kijana, naye akarudi kwenye mkanda wake.

Nyuma yangu alikuwa amesimama mwanamke kijana wa Kimasai, ameshika madumu mawili ya maziwa yaliyokwisha kuuzwa, miguuni amevaa katambuga za tairi. Alikuwa anaangalia lile boksi kwa makini, si kwa kucheka.

"Na mimi niweke?" akauliza.

"Weka, dada."

Jina lake Nasha, anatoka tambarare za upande wa Ruvu, na anatembea na maziwa kila siku hadi barabarani, visigino vinamuuma mpaka anatembelea pembeni ya mguu. Akatia mguu kwenye beseni, akakanyaga pembeni ya alama yangu. Kilichotokea ni kisigino, uzi mwembamba pembeni, kisha vidole. Kama watu wawili waliokaa mbali na kushikana kwa kidole kimoja.

"Wewe chapati, mimi mfupa wa mbuzi," Nasha akasema, na safari hii tulicheka sisi.

"Daraja lako liko juu sana," nikamwambia, nikirudia somo la Mwalimu Fadhila. "Ukikanyaga mguu haulegei, kishindo chote kinapanda kisiginoni. Wewe ndiye unayetaka kiatu laini. Mzee, mpe hizi nyeupe ajaribu."

"Hizo ni za Loth!" Abdulmalik akashtuka.

"Loth atazivaa?"

Nasha alikaa kwenye kigoda, akavaa. Zilimzidi kidogo tu, na mbele kukabaki upana wa kidole gumba, sawasawa inavyotakiwa. Akasimama. Akatembea hatua kumi hadi kwa muuza nyanya, akarudi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo.

"Inapumua," akasema kwa mshangao. "Kweli inapumua."

Abdulmalik akajishika kiuno, akanitazama mimi, akamtazama mteja ambaye hakumtegemea, na biashara ikashinda. "Haya, binti wa mlimani. Wewe unataka ya namna gani?"

"Ngumu nyuma. Upande wa ndani iwe imara. Ikunjike kwenye vidole tu, isikunjike katikati. Soli inyooke, isipinde kama ndizi."

Akainama kwenye lundo. Pea ya kwanza aliyotoa ilikuwa na sifa zote, karibu niikumbatie. Lakini nikaigeuza chini nikaona soli imeshaliwa upande wa ndani. Aliyeivaa kwanza alikuwa na miguu kama yangu, akailaza upande ule ule ninaoangukia mimi. Mtumba ni hivyo: unanunua kiatu na tabia ya mtu. Nikairudisha, na niliirudisha kwa uchungu, kwa sababu ilikuwa ya kike na ya rangi ya zambarau.

Pea ya pili ilikuwa fupi. Ya tatu Abdulmalik aliitoa huku anaona haya mwenyewe. Rangi ya haradali, ya kiume, pana mbele, kamba moja ya kahawia na nyingine nyeusi. Nikaminya nyuma, ikanigomea. Nikaikamua, ikanigomea. Nikaikunja, ikakubali kwenye vidole tu. Upande wa ndani wa soli ulikuwa na kipande cha kijivu kigumu kuliko kwingine, na chini ililiwa sawasawa pande zote.

Nikampa Nasha mtoto. Agape akashika shanga zake kwa mikono miwili, akanisahau pale pale. Nikavaa soksi zangu nene, nikafunga kamba, nikamwambia Abdulmalik, "Mzee, kaa nyuma yangu uangalie vifundo. Nikikimbia vinaangukia ndani?"

Nikakimbia kuzunguka turubai, mara mbili, sketi nimeishika. Wauza nyanya wakapiga vigelegele vya kejeli. Nikapita katikati yao.

"Vimesimama," Abdulmalik akasema. Akainama zaidi. "Kimbia tena. Wallahi, vimesimama."

Tukapatana bei. Nasha aliondoka na raba nyeupe miguuni, katambuga zake zimening'inia kwenye mpini wa dumu.

Nyumbani Loth alikuwa ananisubiri barazani, kumbe alishapigiwa simu. Alizichukua zile za haradali mkononi, akazigeuzageuza.

"Shemeji, hizi ni za msukuma mkokoteni."

"Atakuwa alikuwa na miguu mizuri."

"Za mwanaume," mama mkwe akasema. "Mke wa mwanangu atapita mbele ya kanisa na viatu vya mwanaume."

"Nitapita mbio, mama. Hawatawahi kuviona vizuri."

Mama akageuza uso, nadhani alificha kitu mdomoni. Loth hakuficha. Alikuwa ameumia kweli.

"Miaka kumi na miwili nawavisha watu wa kijiji hiki," akasema. "Kumi na miwili. Kwa nauli yangu. Nani aliwahi kulalamika?"

Ningeweza kumjibu vibaya. Nilikuwa na hasira ya kutosha. Lakini huyu ndiye aliyenibeba kwenye machela usiku niliopatwa na uchungu wa Agape, na hilo halifutiki kwa sababu ya viatu.

"Hakuna aliyelalamika, shemeji," nikasema. "Kila ambaye kiatu kilimuumiza aliulaumu mguu wake. Na mimi pia. Sasa nimeacha."

Akaweka raba chini, sambamba, kwa adabu. "Ukishindwa mara hii," akasema, "usinitajie kijiti."

"Nikishindwa mara hii nitakuwa nimeshindwa mimi. Sikuwahi kupata nafasi hiyo."

Siku zilizofuata nilikimbia kila asubuhi kando ya mfereji, kutoka ndiva yetu ya juu ambako maji hukusanywa, hadi mashamba ya chini, kabla zamu za kumwagilia hazijaanza. Siku ya kwanza kidole kidogo cha kulia kikachubuka, nikarudi nyumbani nachechemea kwa kujificha, nikimwomba Mungu Loth asipite. Nikazifunga kamba upya, nikaruka tundu moja upande ule. Siku ya tatu kidole kikanyamaza. Siku ya sita nilipanda na kushuka nikingoja moto wa miundi kama mtu anayengoja mgeni asiyempenda. Haukuja.

Siku ya usaili tulikuwa kumi na sita, wanawake watatu. Asheri, katibu wa kamati, alisimama ghalani na simu mkononi, akatuonyesha dakika zikiwa sufuri, akapiga filimbi, kisha yeye akapanda pikipiki kutungoja getini.

Kilomita tatu za kwanza ni za kushuka na vijana walinipita wote. Niliwaacha waende. Mto, daraja la miti, kisha mlima ukaanza. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka kilele cha Shengena na udongo ulikuwa telezi. Raba za haradali zilikanyaga kama zimekuja kudai. Mmoja wa waliotangulia nilimkuta ameshika goti. Wengine nikawapita wanatembea.

Kona ya kanisa, kilomita ya tano, Loth alikuwa amekaa juu ya ukuta na wenzake wawili. Hapo hapo nilipokoma mwaka jana.

"Shemeji!" akaita. "Pumzika, maji yapo!"

"Yanywe!" nikamjibu.

Wenzake wakaangua kicheko, na sikujua wanamcheka nani, wala sikugeuka kujua. Miundi ilikuwa kimya. Magoti yalikuwa kimya. Kifua ndicho kilikuwa kinalia, na matiti yalikuwa yamejaa maana Agape hakunyonya tangu alfajiri, na kila hatua yaliniuma. Lakini hayo yalikuwa maumivu yangu, si ya kuletewa. Nikayachukua, nikapanda nayo.

Pale kwenye mita za mwisho njia imekatwa kwenye mwamba, hakuna wa kukushangilia, kuna matone ya majani tu. Nilihesabu pumzi. Nikapoteza hesabu. Nikaona bati la kibanda cha getini, kisha Asheri, kisha, nyuma yake, mama mkwe na khanga yake ya kanisani, kambeba Agape kifuani.

Nikapita mstari.

"Arobaini na nane na sekunde kumi na mbili," Asheri akasema, akaandika kwenye daftari. "Wa saba kufika."

Nilianguka kwenye nyasi. Mama mkwe akaniwekea mtoto juu yangu bila hata kuniuliza hali. "Alikuwa analia," akasema, kana kwamba amepanda mlima wote ule kwa sababu hiyo tu. Agape akalitafuta ziwa mwenyewe, akalipata, akafumba macho.

Asheri akasogea na daftari lake, akasimama mbali kidogo kwa heshima, akitazama miti. "Dada Devotha, hongera. Umeandikwa. Kamati inatoa buti za doria, nataka kuagiza wiki hii. Niambie namba ya mguu wako, au nikate kijiti hapa hapa, nimpe dereva aende nacho."

Nilikuwa sina pumzi hata ya kujibu salamu. Mama mkwe akanitangulia.

"Kijiti cha nini?" akamwambia Asheri. "Hata mimi nazikata kandambili pembeni kwa kisu ili kidole changu kipate pa kukaa. Mwache kwanza apumue, atasema mwenyewe."

Nikapumua. "Andika jina langu," nikasema. "Buti zikija, mtuite walinzi wote tuzivae kabla hamjalipa. Nitakuja na soksi zangu."

Asheri akainua kalamu kutoka kwenye daftari. "Kamati haijawahi kufanya hivyo, dada."

"Sawa," nikamwambia, nikimhamishia Agape upande wa pili. "Andika na hilo."